Safari ya Nyeri: Sherehe ya Wasichana Hupimwa Jumatatu

Ndugu msomaji, kutoka Dar es Salaam hadi Nyeri ni mwendo wa kuchosha. Utaondoka alfajiri, utapita Chalinze, Segera na Korogwe, utaiacha milima ya Usambara na Upare mkono wa kulia, na jua litakapoinama utakuwa Moshi au Arusha. Kesho yake utavuka mpaka Namanga na kushika njia ya Nairobi. Ukifika huko usidhani umekwisha kufika, kwani zimebaki kilomita zipatazo 150 za kuelekea kaskazini, kupita Thika, Sagana na soko kubwa la Karatina, mpaka uone mashamba ya kahawa na chai yamejipanga kwenye vilima kama nywele zilizosukwa. Mji wa Nyeri umejengwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Mtu wa pwani akishuka tu kwenye gari, jambo la kwanza ni kuulizia sweta.

Sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa sababu ya beji moja iliyokuwa imelala katika droo ya meza yangu.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa kikundi cha Girl Guides katika shule moja ya msingi jijini. Mwaka ule tuliandaa sherehe ya wasichana wapya kutoa ahadi, siku ya Jumamosi iliyokaribiana na tarehe 22 Februari. Tulijitahidi sana. Tulikodi viti, turubai na vipaza sauti, tukachangisha wazazi, tukamwalika mgeni rasmi. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Wageni waalikwa walikaa chini ya turubai wakinywa soda, na wasichana walisimama juani kwenye mistari yao, katika joto la Februari ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua. Mmoja alianguka, akabebwa. Hatimaye risala ikasomwa, hotuba ikatolewa, na wasichana wakaanza kuitwa jukwaani mmoja mmoja kusema ahadi yao mbele ya kipaza sauti.

Wa nne kuitwa alikuwa mtoto wa miaka 12, mpole, ambaye katika mazoezi hakuwahi kukosea hata neno moja. Alisema maneno matatu ya kwanza, sauti ikamkauka. Watu wakasubiri. Kisha mmoja akacheka, na kicheko ni kama moto wa makuti. Mtoto alishuka jukwaani bila beji, na juma lililofuata hakuja kikundini, wala juma jingine.

Mwenzangu katika malezi ya kikundi ni mama mtu mzima aliyewalea wasichana wengi kabla yangu. Nilimwuliza tulikosea wapi.

"Mwalimu," akaniambia, "ile haikuwa sherehe ya watoto. Ilikuwa sherehe ya viti."

"Sasa mama, tufanyeje?"

"Twende Nyeri," akasema. "Kila mwaka tunaiadhimisha tarehe 22 Februari kwa kelele, na sijui ni wangapi kati yetu wanaojua inatoka wapi. Tukaanzie pale."

Basi likizo ya Juni tukaenda kwa nauli zetu wenyewe.

Pengine wewe pia, msomaji, umewahi kuwaona wasichana hawa wenye skafu shingoni wakipita kwa gwaride siku za sikukuu, na hujui chanzo chao. Tarehe 4 Septemba 1909 maskauti wa Uingereza walikusanyika London, mahali paitwapo Crystal Palace. Katikati ya maelfu ya wavulana likatokea kundi la wasichana ambao hawakualikwa. Walikuwa wamejifunza uskauti wao wenyewe, wakasimama mbele ya mwanzilishi, Robert Baden-Powell, wakidai nafasi yao. Mwaka uliofuata, 1910, chama cha Girl Guides kikaundwa chini ya dada yake, Agnes. Baadaye mkewe, Olave, akawa kiongozi wa Girl Guides wa dunia nzima kuanzia mwaka 1930.

Mume na mke hao walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, yeye mwaka 1857 na mkewe mwaka 1889. Ndiyo sababu mkutano wa dunia uliofanyika Marekani mwaka 1926 uliichagua siku hiyo iwe ya wasichana wa nchi zote kukumbukana. Mwaka 1932, katika mkutano uliofanyika Poland, ukatolewa ushauri kwamba siku ya kuzaliwa haikamiliki bila zawadi, hivyo kila msichana atoe chochote, hata senti moja, kwa ajili ya wenzake wa nchi nyingine. Angalia vizuri: msichana mwenyewe ndiye mtoaji, wala hakuna aliyeagizwa kumnunulia mgeni zawadi.

Baden-Powell alikuja kumalizia siku zake Nyeri. Aliupenda mji ule hata akaandika kwamba kadiri mtu anavyoikaribia Nyeri ndivyo anavyoikaribia raha. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo katika kiwanja cha hoteli ya Outspan, akaiita Paxtu. Jina lile linatokana na nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill, na neno pax kwa Kilatini maana yake ni amani. Sisi wawili tulipolitamka mlangoni tulitabasamu, maana kwa masikio yetu ya Kiswahili lilisikika kama "amani tu". Nyumba yenyewe ni ndogo, ya mtu anayetaka kuota jua barazani na kuutazama mlima. Imehifadhiwa kwa kumbukumbu yake, na ndani yake utaona skafu na beji zilizoachwa na wageni kutoka pande nyingi za dunia.

Kutoka hapo tulikwenda makaburini, kwenye kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Petro. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941. Huyu alikuwa jenerali na lodi, mtu ambaye angeweza kulazwa London kwa mizinga na matarumbeta. Amelala Nyeri chini ya jiwe la kawaida, na juu yake imechorwa alama ndogo: duara lenye nukta katikati. Maskauti hutumia alama hiyo porini kuwaambia wanaofuata nyuma kwamba mwenzao amekwenda nyumbani. Olave alifariki Uingereza mwezi Juni 1977, na majivu yake yakaletwa hapo yakazikwa pamoja na mumewe.

Mwenzangu aliinama akalifuata lile duara kwa kidole. "Mtoto wa miaka saba anaweza kuichora hii kwa kijiti," akasema, "na kila mwenzake akaisoma." Nikaelewa alichotaka kuniambia. Alama njema ni ile ambayo mdogo kuliko wote anaijua maana yake. Katika sherehe yetu tulikuwa na mabango matatu ya kitambaa, na sina hakika kama kuna mtoto aliyeyasoma.

Lakini, ndugu msomaji, tusiondoke makaburini tukijidanganya. Chama hiki kilikuja Afrika Mashariki pamoja na wakoloni, na Nyeri haina historia moja. Katika mji huu huu, mwaka 1956, Dedan Kimathi alishtakiwa na kuhukumiwa kifo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku nne tu zinatenganisha tarehe ile na siku ya wasichana. Wenyeji wa Nyeri hubeba kumbukumbu zote mbili, nasi hatuna budi kujifunza kwao. Jembe lililoletwa na mgeni linaweza kulima shamba lako, mradi ukulimalo ni shamba lako, na nyimbo za kulimia ziwe zako. Msichana wa Kitanzania anapoahidi kuitumikia nchi yake, sherehe yake haina sababu ya kuimbwa kwa sauti ya kuazima.

Kwa siku mbili mlima ulijificha, kama ulivyo desturi yake katika ukungu wa Juni. Siku ya tatu alfajiri ukajitokeza wote, vilele vyake vyeupe vikiwa wazi. Tulikuwa tumesimama nje ya nyumba ya wageni na vikombe vya chai mkononi, na mwenye nyumba, mama wa makamo, akatuuliza shida iliyotuleta. Tulipomweleza habari za sherehe za wasichana alinyosha mkono kuelekea mlima. "Upande wa pili wa ule," akasema, "kuna watu waliofikiri sana juu ya hilo."

Alikuwa akisema habari za Tharaka, nchi kavu iliyo mashariki ya Mlima Kenya. Huko, kama katika sehemu nyingine za Kenya na za kwetu, msichana alihesabiwa kuwa mtu mzima kwa kukeketwa. Akina mama walioipinga desturi hiyo walitambua jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba huwezi kuwanyang'anya watu kisu ukawaachia mikono mitupu. Pamoja na kisu mtoto alipata nyimbo, zawadi, heshima ya wazazi na jina jipya mbele ya jirani. Basi mwaka 1996 shirika la Maendeleo ya Wanawake, likishirikiana na shirika jingine la afya, lilisaidia familia chache za Tharaka kuandaa sherehe mpya. Waliiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani kwa juma moja wakifundishwa na wanawake waliowaamini: habari za mwili, heshima ya nafsi, mila njema za kwao. Mwisho wakatoka hadharani kwa ngoma, michezo ya kuigiza na zawadi, na jamii ikawapokea kuwa wamekua, bila damu kumwagika. Kazi ya kuzungumza na wazazi ilikuwa imetangulia siku ya ngoma, na bila kazi hiyo ngoma ingekuwa kelele. Baadaye utaratibu huo ulienea katika wilaya nyingine.

Kisheria, ukeketaji wa mtoto wa kike ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1998, na Kenya ikatunga sheria maalumu mwaka 2011. Lakini sheria humkataza mzazi, haimwambii afanye nini siku binti yake anapokua. Jibu hilo linapatikana katika sherehe. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri kwamba sherehe ni pambo la kikundi. Kwa wasichana wa Tharaka ilikuwa njia ya kubaki wazima na bado kuwa watu wa kwao.

Njiani kurudi, basi likiitafuta Namanga, mwenzangu alinikumbusha kwamba sisi wa pwani hatukwenda kuazima hekima hii mbali. Katika unyago, mwali hakusimamishwa peke yake. Alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye aliendelea kuwa mshauri wake miaka mingi baadaye. Wazaramo walimpa mwali kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti akitunze siku zote za kukaa ndani, akipake mafuta na kukipamba kama mtoto. Yamo katika unyago mambo ambayo hatuyataki tena, kama kumtoa mtoto shuleni na kumwoza angali mdogo. Lakini yale mawili, mtu wa kukushika mkono na kitu cha kutunza, kwa nini tuliyaacha tukachukua turubai na soda?

Tulipofika nyumbani tuliwaita wasichana wenyewe, tukawauliza wanataka sherehe ya namna gani. Hatukuwahi kuwauliza kabla. Kama wewe ni mlezi, au mzazi ambaye binti yake yumo katika kikundi chochote cha vijana, pengine yale tuliyokubaliana yatakufaa.

Kwanza, lijue jambo moja linalobadilika siku hiyo. Msichana anatoa ahadi, au anavuka kutoka kundi la wadogo kwenda la wakubwa, au anaaga. Ukishalijua, kila kisicholitumikia kiondoe. Sisi tuliondoa hotuba nne.

Pili, chagua saa kwa kuwahurumia watoto. Saa kumi jioni, chini ya mti, na nusu saa inatosha. Mgeni akichelewa atakuta mmeanza.

Tatu, pangeni duara badala ya mistari. Katika duara hakuna wa nyuma, na hakuna jukwaa la kupanda wala la kushuka kwa aibu.

Nne, ahadi isigeuzwe kuwa mtihani. Mlezi aiseme kifungu kwa kifungu, msichana aifuate. Eleza alama zake kabla: vidole vitatu vya saluti ni sehemu tatu za ahadi, na majani matatu ya beji vilevile. Wengi huvinyosha vidole bila kujua kwa nini vitatu.

Tano, kila msichana amchague mtu wa kusimama naye: mama, baba, shangazi, jirani, bibi. Mtu huyo ndiye atakayemkumbusha ahadi yake nyumbani.

Sita, usimtoze mzazi gharama ya kupendwa kwa mtoto wake. Yuko mfanyakazi ambaye sare mpya ni unga wa juma zima. Sisi tulishona skafu chache za kikundi zinazovaliwa kwa zamu siku ya ahadi, na aliye na sare na asiye nayo wakafanana.

Saba, mpe msichana kitu cha kutunza. Hapa tulimkumbuka Wangari Maathai, aliyezaliwa kijiji cha Ihithe huko huko Nyeri mwaka 1940. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba, na hapo ndipo ulipoanzia ule Mkanda wa Kijani uliompatia Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kupanda mti mbele ya watu ni kazi ya dakika tano. Kumwagilia bila kutazamwa na mtu ni kazi ya miaka. Tukaamua kila msichana apande mche, na hesabu ya sherehe ianze kufanywa Jumatatu.

Ilibaki ile beji. Nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto jioni moja, nikamkuta mama yake akikaanga vitumbua barazani. Mtoto alitoka ndani akasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile tulikusimamisha vibaya."

Mama yake aliacha kugeuza vitumbua. Si kawaida mwalimu kumwomba mtoto radhi, na nakiri kwamba hata mimi ulimi ulikuwa mzito. Mtoto alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu.

"Nitapanda jukwaani?"

"Hakuna jukwaa."

Hakusema atakuja. Jumamosi ya sherehe tulikuwa wasichana 18 na walezi wawili chini ya mwembe wa shule, na tulikwisha kuanza wimbo nilipomwona akiingia lango amemshika bibi yake mkono, au pengine bibi ndiye aliyemshika. Duara likafunguka likawapokea. Zamu yake ilipofika alisema ahadi kwa sauti ndogo, hata mimi niliyekuwa hatua mbili mbele yake sikuyasikia maneno yote. Bibi yake aliyasikia, nilimwona akitikisa kichwa kwa kila kifungu. Nikambandika beji. Hakuna aliyepiga makofi, maana tulikubaliana kuimba.

Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga, na walisema pia kwamba ahadi ni deni. Sherehe yetu haikuvuma. Haikuandikwa popote, na mchango wake wote ulikuwa sukari ya chai. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, nilipita nyuma ya madarasa nikakuta ardhi imelowa kwenye mashina ya miche. Si yote. Wengine walisahau juma la kwanza, wengine walichoka juma la tatu, na jua la Dar es Salaam halina msamaha. Kati ya miche 19 iliyopandwa, mitano ilikufa.

Wasichana wenyewe ndio walioamua la kufanya. Sherehe inayofuata haitaanza kwa wimbo wala kwa saluti. Itaanza kwa wale watano kupanda upya, wakisaidiwa na wenzao, bila kuulizwa kwa nini. Yule mtoto hakuwa miongoni mwao. Mche wake ni mlimau, na kila ninapopita nauona umefungiwa kijiti cha kuuegemeza, na kando yake, mchangani, mtu amechora duara lenye nukta katikati.